"Nimekurahisishia, Kaka, Nimeweka Vyote Pamoja"

Wiki iliyopita nimeisikia tena. Kijana katuma kiraka, yaani mabadiliko ya msimbo anayopendekeza, kwenye maktaba ndogo ya programu ninayoitunza: faili 14, mistari zaidi ya 900. Namuuliza kulikoni, ananijibu hivyo hivyo kama kichwa cha habari hapo juu. Nikakaa kukichambua. Kosa alilolirekebisha lilikuwa la mstari mmoja: kitanzi (kipande cha msimbo kinachojirudia) kilikuwa na `<=` palipotakiwa `<`, kikasoma hatua moja nje ya orodha. Jicho zuri kabisa. Mengine yote? Kihariri chake cha msimbo kimegeuza tabo kuwa nafasi, vigeuzi asivyovipenda vimepewa majina mapya, na juu yake kipengele ambacho hakuna aliyekiomba.

Hii dhana kwamba kiraka kinene ndicho kinachoonyesha umefanya kazi, ndiyo inayonichosha kuliko zote. Anayepitia kiraka anajiuliza swali moja: badiliko hili ni sahihi? Ukimfungia mambo manne kwenye komiti moja (badiliko moja lililohifadhiwa kwenye historia ya msimbo), akiyakubali mawili na kuyakataa mawili, atakata wapi? Basi anakiweka kando, na wewe unalalama kwamba wana dharau.

Balaa lenyewe huja baadaye. Kitu kikiharibika miezi sita mbele, naita `git bisect`, amri ya Git, programu inayotunza historia ya msimbo. Inagawa historia nusu kwa nusu, hata kama kuna komiti 1,000 inanifikisha kwenye yenye kosa kwa majaribio kama 10. Ikinifikisha kwenye ya kwako ya mistari 900, imenifikisha mlangoni tu. Ndani napapasa mwenyewe gizani. Na nikiitengua yote kwa `git revert`, lile rekebisho lako zuri la kitanzi linaondoka nalo.

Kwenye mradi wa kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, jambo hili limeandikwa wazi: kila badiliko la kimantiki liwe kiraka chake, na kila kiraka cha mfululizo kiache kerneli ikijengeka na kufanya kazi. Hata mfululizo wenyewe wanataka uutume kwa mafungu ya viraka 15 hivi, usiwamwagie gunia.

Dawa yangu ni `git add -p`, na nitaihubiri hadi nizeeke. Inakuletea kipande kimoja kimoja cha mabadiliko yako, unajibu `y` kiingie kwenye komiti au `n` kibaki nje. Kipande kikiwa kikubwa unabonyeza `s` kijigawe. Kabla ya hapo piga `git diff -w`, inayokuonyesha mistari iliyobadilika huku ikipuuza tofauti za nafasi. Mistari 900 ikisinyaa ikawa 40, ujue mwandishi wa kiraka ni kihariri chako.

Haya mengine nayapitia mbio.

Git si GitHub. Git aliianza Linus Torvalds Aprili 2005, baada ya wanakerneli kunyimwa matumizi ya bure ya BitKeeper, programu waliyokuwa wakitunzia historia ya msimbo. GitHub, tovuti ya kuhifadhia miradi ya Git, ilifuata 2008. Viraka vya kerneli hadi leo hupita kwa barua pepe, kwa `git format-patch` na `git send-email`.

`Signed-off-by`, ule mstari wa mwishoni mwa ujumbe wa komiti, si madoido ya kuweka jina lako. Ilianza 2004, na maana yake unathibitisha una haki ya kuutoa msimbo huo chini ya leseni ya mradi. Kwa hiyo usimsainie mwenzako, hata kama mnalala chumba kimoja.

Ujumbe wa komiti unaosema "nimerekebisha" ni sawa na kutoandika kitu. Nini kimebadilika naona mwenyewe kwenye diff. Niambie kwa nini.

Na kunyamaziwa si kukataliwa. Mwongozo wa kerneli unakutaka usubiri angalau wiki moja kabla ya kukumbusha. Watu wana ajira na wengine wana watoto. Ukipewa maoni, rekebisha komiti ile ile kwa `git rebase -i`, inayokuwezesha kuandika upya komiti za nyuma, utume upya kama v2, yaani toleo la pili. Usinirundikie juu yake komiti ya "rekebisho", kisha ya "rekebisho la mwisho", kisha ya "la mwisho kabisa".

Yule kijana alirudi juzi na kiraka cha mstari mmoja, pamoja na jaribio linalofeli bila kiraka hicho. Nilikiunganisha chai ikiwa bado ya moto. Ya majina ya vigeuzi kaleta kivyake, na hiyo tunaendelea kubishana.