Mwanga wa ubavuni: nakshi za vyungu vya Wahopi-Tewa

Chungu cha nakshi cha Wahopi-Tewa, Wenyeji wa Amerika, usikimulike kutoka juu. Weka taa ubavuni, ndipo mawingu na manyoya yatainuka kwenye udongo. Wanafunzi wangu huanza na somo hilo, maana hapa kivuli ndicho rangi.

Watewa hawa walihama bonde la mto Rio Grande, New Mexico, mwishoni mwa karne ya 17, baada ya maasi dhidi ya Wahispania, wakajenga kijiji cha Hano kwa Wahopi, Arizona. Hapo alizaliwa mfinyanzi Nampeyo, yapata 1859. Ndiye aliyefufua michoro ya Sikyatki, kijiji cha kale kilichobaki magofu jirani na kwao. Yeye alipaka rangi. Waliokwenda mbali zaidi ya rangi ni wajukuu: Tom Polacca aliuchonga udongo kwa kisu; Iris Nampeyo akauinua, hindi moja tu likichomoza kwenye chungu kitupu. Ukoo wao ni wa Mahindi.

Kunakshi kunataka ujasiri. Ukuta huachwa mnene ili kisu kipate pa kuchimba, lakini ukuta mnene huficha maji, na maji yakigeuka mvuke motoni chungu hupasuka. Udongo ukiwa mbichi, kingo za mchongo hulegea. Ukikauka mno, humeguka. Rangi ukikosea utaikwangua. Udongo ulioondoka hauna marejeo.

Naulizwa sana maana ya alama hizi. Nyingi zinaomba maji. Wahopi hulima mahindi jangwani kwa kutegemea mvua, kwa hiyo utaona mawingu, radi, nyoka wa maji, na manyoya yanayopeleka dua. Ninaoupenda zaidi ni mchoro wa uhamaji, alioushika sana Fannie, binti wa Nampeyo: mistari myembamba iliyosongamana, ncha zikijipinda kama mabawa, ukizunguka bega la chungu. Ni safari za mababu kuelekea pembe nne za dunia. Ukichongwa, naona heri mistari ibaki ya rangi na mabawa pekee yachimbwe. Mistari ikichimbwa yote, mwendo wake hufa.

Kisha moto, uwanjani, kwa samadi kavu ya kondoo. Watu wa Sikyatki walichomea makaa ya mawe. Kondoo walikuja baadaye, na Wahispania. Udongo wa kijivu huiva ukawa wa rangi ya asali, na pale joto lilipozidi huiva wekundu unaopita juu ya nakshi bila kufuata mstari hata mmoja.