Hapana, Hatusomei Kupanda Miti

Msimu wa udahili ukianza, simu nazo zinaanza. Mzazi ana kijana aliyemaliza kidato cha sita, ameona kozi ya urejeshaji wa ardhi na mazingira, na swali lake ni lile lile la mwaka jana: "Sasa mwalimu, ada yote hiyo ni ya kwenda kufundishwa kupanda miti? Si hata babu yake anapanda?" Babu anapanda, sawa. Mwaka huu sijibu tena mmoja mmoja, someni hapa.

Mwaka wa kwanza ni kemia, botania, takwimu na sayansi ya udongo. Sina la kuongeza, mitihani yake itawaeleza vizuri kuliko mimi. Utamu unaanza tunapotoka nje na kusimama kwenye kipara, yaani ile ardhi isiyoota hata jani. Mgeni akikiona kipara anaona upungufu wa miti. Mimi naangalia gamba. Tone la mvua likipiga udongo usiofunikwa linavunja vibonge, chembe laini zinaziba vitundu, na jua likiwaka juu panabaki tabaka gumu linalopasuka na kujikunja kingo. Mwanafunzi anapigilia pete ya chuma ardhini, anamimina maji, anashika saa. Chini ya mgunga wenye nyasi, maji yanazama kabla hajamaliza kuandika namba ya kwanza. Hatua chache pembeni, kwenye kipara, yanakaa tu yanamtazama. Chomeka mche hapo, mvua yote itaupita ikikimbilia korongoni, halafu mtasema wanakijiji hawakumwagilia.

Ndiyo maana tunachimba makinga maji ya nusu mwezi, tunavunja gamba, tunatandaza matawi ya miiba mbuzi wasipite, tunamwaga mbegu za nyasi. Nyasi! Hakuna mheshimiwa aliyewahi kupigwa picha akipanda nyasi.

Tena mara nyingi hakuna cha kupanda kabisa. Shamba unaloliona tupu huko Dodoma lina visiki vyenye mizizi hai, kila mwaka vinachipua na kila mwaka vinafyekwa. Njia ya kisiki hai ni kuchagua machipukizi machache yenye nguvu, kupogolea mengine, kuweka alama ili mwenye jembe ayaone, na kulinda. Mzizi tayari uko chini kwenye unyevu, wakati mche wa kitalu unaanza na viriba na maombi. Shinyanga nako, ambako enzi za ukoloni vichaka vilifyekwa ili kumaliza mbung'o, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986 uliegemea miche mwanzoni. Kilichokuja kufunika eneo kubwa ni ngitili, utaratibu wa Wasukuma wenyewe: unatenga malisho mvua zinapoanza, unayafungua kiangazi kikikolea. Msomi alichopaswa kufanya pale ni kunyamaza na kupima.

Na msinijie na hoja kwamba mti ni mti, hauna hasara. Nendeni Baringo, Kenya. Miaka ya 1980 waliletewa mathenge, mti wa miiba wa kigeni, ili kuzuia mmomonyoko na kupata kuni. Kwa kipimo cha "miche mingapi imepona", ule ni ushindi mtupu: ilipona kwa wingi, ikazaa, ikafunga njia na malisho. Mwaka 2006 Wailchamus, wenyeji wa huko, waliishtaki serikali, na mbuzi aliyeharibika meno kwa kula maganda matamu ya mathenge akapelekwa mahakamani kama ushahidi. Mbuga ya asili ya nyasi ukiipanda miti, hujarejesha kitu, umeua mbuga.

Sasa yale ambayo vitabu vyetu vinayapita kwa haraka. Kondoa, mkoani Dodoma, tunaitaja kila muhula: mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973, mifugo ikaondolewa 1979, nyasi na vichaka vikarudi. Kweli vilirudi. Lakini ng'ombe hawakuyeyuka, walikwenda kula kwa jirani, na sijui hasara ya jirani tunaiandika kwenye daftari la nani. Kisha watafiti waliopima umri wa mashapo, yaani udongo uliosombwa na maji ukatuama, kwenye milima ya Irangi huko huko Kondoa wakakuta mmomonyoko ulianza maelfu ya miaka iliyopita, kabla ya mfugaji yeyote tunayemlaumu. Basi tunarejesha ardhi iwe kama ya mwaka gani? Ya kabla ya ng'ombe? Ya kabla ya jembe? Huwa nawaambia wanafunzi turejeshe kazi ya ardhi: maji yapenye, udongo utulie, watu wale. Wanaandika. Mimi mwenyewe jibu hilo linanitosha siku nyingine, siku nyingine halinitoshi.

Ajira ndilo swali mngelianza nalo. Zipo. Mgodi wa Tanzania unatakiwa kisheria kuwa na mpango wa kufunga na kurejesha ardhi, na kazi hiyo inahitaji mtu anayejua udongo. Miradi ya malisho na vyanzo vya maji nayo inaajiri. Tatizo ni mikataba: mfadhili anatoa miaka miwili au mitatu, anataka idadi ya miche kwenye ripoti ya kila robo, na kijana wako atakuwa ndiye wa kumweleza kwamba msimu huu hawapandi kitu, wanafunga eneo na kusubiri nyasi. Kama hawezi kubishana na bosi, akasome kitu kingine.