Mgombea anayeomba dola tano

Kila mwaka wa uchaguzi, kuanzia Januari, natembea na bahasha ya kaki yenye fomu, kalamu mbili (moja lazima itaganda kwa baridi) na orodha ya wapiga kura wa eneo moja la bunge hapa Portland, Maine. Kazi yangu ni kuratibu kampeni za nyumba kwa nyumba za wagombea wa bunge la jimbo. Kwa kuwa mimi ni mtu wa Kigoma, hupangiwa majengo wanakoishi watu wetu: Wakongo wa Uvira na Fizi, Warundi, Wanyarwanda, na wengi waliokaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kwetu Kigoma, miaka na miaka kabla ya kuletwa Marekani. Swali ninalopigwa nalo zaidi mlangoni halihusu sera hata kidogo. Ni hili: "Mgombea wako anatuomba pesa sisi? Si yeye ndiye angetupa?"

Siwalaumu. Sisi tumezoea msimu wa kampeni kuwa msimu wa khanga, chumvi, sukari na fulana. Tanzania ilifika mahali ukarimu huo ukawekwa kwenye sheria kwa jina la takrima, mpaka Mahakama Kuu ilipoutupa mwaka 2006. Mtu aliyekulia huko akiona kijana kasimama kizingitini na fomu ya dola tano, lazima ashike mfuko. Kwa hiyo leo nieleze hizo dola tano ni za nini, maana ukizielewa umeielewa karibu kampeni nzima ya mwanamageuzi katika jimbo hili.

Neno lenyewe kwanza. "Mwanamageuzi" halinipendezi sana. Mtanzania akilisikia anakumbuka vyama vingi vya miaka ya tisini, na Mkongo anadhani nazungumzia mpinzani wa rais. Hapa namaanisha mgombea, mara nyingi wa chama cha Democratic, anayetaka serikali ibebe mzigo zaidi kwenye kodi za nyumba, matibabu, ujira na likizo ya uzazi, na anayewajali wageni kwa moyo uleule anaowajali wenyeji. Nikiwa mlangoni silitumii kabisa. Nasema tu anataka nini.

Bunge la Maine lina sehemu mbili: Baraza la Wawakilishi lenye viti 151, na Seneti yenye 35. (Mzanzibari jina la kwanza halimpi taabu.) Kwa sensa ya 2020 jimbo zima lilikuwa na watu wapatao milioni 1.36, kwa hiyo mwakilishi mmoja anabeba watu kama 9,000 hivi. Hiyo ni kata, ndugu zangu, tena si kata kubwa. Muhula ni miaka miwili, na mtu haruhusiwi kupitisha mihula minne mfululizo. Mshahara wake hautoshi kumlea mtu na watoto, ndiyo maana wabunge wengi wana kazi nyingine, na ndiyo maana pia watu wa kipato cha chini hukwama kabla hawajaanza.

Je, kiti kidogo hivyo kina maana? Mwaka 2014 serikali ya jimbo chini ya Gavana Paul LePage ilitaka kuwakatia waomba hifadhi msaada wa jumla, ule unaolipa kodi ya chumba na chakula wakati mtu hana ruhusa ya kazi. Mwaka 2015 bunge likapitisha muswada wa kuwaruhusu kuupata kwa muda usiozidi miezi 24. Gavana alikuwa anaupinga, lakini alichelewesha kura yake ya turufu, kwa muswada huo na mingine zaidi ya 60, akidai muda ulikuwa bado haujaisha. Mahakama ya juu ya jimbo ikamwambia umeisha. Sheria ikapita hivyo, bila saini yake. Nawajua watu wanaoendesha malori leo ambao kodi zao za miezi ya kwanza zililipwa kwa sababu ya mzozo ule wa kalenda. Tangu Julai 2022 vilevile, watoto, vijana chini ya miaka 21 na wajawazito wanapata bima ya MaineCare bila kuulizwa hadhi yao ya uhamiaji, kama kipato chao kinaruhusu. Hayo yalipigiwa kura Augusta, makao makuu ya jimbo, na watu walioombewa kura kwenye ngazi za majengo kama haya ninayopanda.

Kisichoamuliwa Augusta ni ruhusa ya kazi. Hilo ni la serikali ya shirikisho, pamoja na zile siku 180 ambazo mwomba hifadhi anaisubiri. Nawakataza vijana wangu kuahidi lolote juu yake. Mgombea aliyeahidi hilo mlangoni anakuwa ameshadanganya kabla hajala kiapo.

Sasa dola tano. Mwaka 1996 wapiga kura wa Maine walipitisha kwa kura yao wenyewe sheria ya uchaguzi safi, ikaanza kutumika kwenye uchaguzi wa 2000. Inafanya kazi hivi: mgombea wa Baraza la Wawakilishi akileta wapiga kura wasiopungua 60 wa eneo lake, kila mmoja akiwa ametoa dola tano, jimbo linamlipia kampeni. Wa Seneti anatakiwa kuleta 175. Akishakubaliwa haruhusiwi tena kuchukua mchango wa tajiri, kampuni wala shemeji. Akitaka nyongeza, anarudi mitaani kutafuta dola tano nyingine. Hizo dola tano zenyewe haziingii mfukoni mwake. Zinakwenda kwenye mfuko wa jimbo. Ni ushahidi kuwa ana watu, basi.

Kwa mgombea wetu, mathalani mama anayefanya kazi ya kutunza wazee na hana rafiki hata mmoja mwenye boti, huu ndio mlango pekee. Bila sheria hii angekaa kutwa kwenye simu akiwabembeleza watu wa pwani za kitajiri. Haizuii kila kitu: makundi ya nje bado yanaweza kumwaga pesa kwenye matangazo yao wenyewe, mradi yasipange pamoja na mgombea. Lakini inampa pa kuanzia.

Masharti yake ni makali, na mimi nilijifunza kwa aibu. Msimu wangu wa kwanza nilimkuta mzee mmoja, raia, amejiandikisha vizuri, anampenda mgombea, ila siku ile hana hata senti. Nikafanya kama mtu wa Kigoma anavyofanya. Nikatoa noti yangu ya dola tano, nikamwambia tutamalizana siku nyingine, akasaini. Nilirudi ofisini nikijisifu. Dada aliyekuwa akisimamia fomu aliniuliza mara mbili kama nilichosema ndicho alichosikia, kisha akaiweka ile fomu pembeni na kuipiga mstari. Pesa lazima itoke kwa mpiga kura mwenyewe, na anasaini kwamba ni yake na kwamba hajapewa chochote kwa kuitoa. Hata soda. Hata lifti. Siku hizi nikikaribishwa chai nakunywa, lakini mimi simnunulii mtu chai.

Kosa la pili tunalolifanya sana ni la mipaka. Upande huu wa barabara ni eneo letu, upande wa pili ni la mwingine. Unakusanya fomu kumi kanisani kwa furaha, karani wa jiji anazikagua dhidi ya daftari, nne zinarudi. Na majina! Orodha inaandika jina la ukoo pale penye jina la mtu, na la mtu pale penye la ukoo. Ukisema utafute kwa tarehe ya kuzaliwa ndiyo umepotea zaidi, kwa sababu nusu ya jengo wamezaliwa tarehe 1 Januari, zawadi ya makaratasi ya kambini, ambako asiyejua tarehe yake aliandikiwa hiyo. Mimi humwomba mtu anitamkie jina lake lote polepole, kisha nalitafuta kwa kila mpangilio.

Mbali na hizo dola tano kuna saini za kuingia kwenye karatasi ya kura: kwa mgombea wa chama katika Baraza, 25 hadi 40, za wanachama wa chama hicho walioko eneo hilo. Hili ni jepesi, sitalikawilia.

Shughuli yenyewe ni Juni. Wakenya wanaita mchujo, Watanzania kura za maoni. Ni kura ya kumpata mgombea wa chama, na inapigwa na raia wa kawaida kituoni, siyo wajumbe ukumbini. Sehemu kubwa ya Portland ni ngome ya Democratic, kwa hiyo anayeshinda Juni kwa kawaida Novemba anakwenda kukamilisha tu. Lakini watu wetu hujitokeza Novemba, wakivaa na suti, Juni wakalala! Tangu 2024 hata asiye na chama anaruhusiwa kuchagua karatasi ya chama kimoja na kupiga kura ya mchujo, na bado nasikia "mimi si mwanachama" kila siku.

Tena mchujo wa Maine una namna yake: unawapanga wagombea 1, 2, 3. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, wa mwisho anatolewa, na kura zake zinahamia kwa aliyewekwa wa pili. Hii inabadilisha adabu ya kampeni. Tukiwa na wanamageuzi wawili wanaogombea kiti kimoja, siwezi kumtukana mwenzangu mlangoni kwa mtu wake. Namwambia: mweke yeye wa kwanza, sawa, wa kwangu mweke wa pili. Nimekuwa mpole sana tangu nianze kazi hii. Ila Novemba, kwa viti vya jimbo, mpango huo hautumiki, maana katiba ya jimbo inampa kiti anayeongoza tu. Watu huchanganya, na wengine huharibu karatasi.

Nani anaruhusiwa nini? Hapa naomba usome taratibu. Raia anajiandikisha, hata siku yenyewe ya kura. Utaratibu huo upo Maine tangu 1973, bunge lilijaribu kuufuta 2011, wananchi wakaurudisha kwa kura mwaka huohuo. Mwenye kadi ya kijani, yaani mkazi wa kudumu ambaye bado si raia, hapigi kura, hajiandikishi, na hatoi zile dola tano za kumfuzisha mgombea, kwa sababu hizo ni za wapiga kura. Anaweza kuchangia mgombea anayepokea michango ya kawaida. Mwomba hifadhi hatoi pesa kabisa. Lakini wote hao wanaruhusiwa kujitolea bila malipo: kutafsiri, kupiga simu, kubisha hodi. Ukiletewa karatasi ya kujiandikisha kupiga kura na wewe si raia, ofisi yoyote ile, irudishe. Fomu ya kuomba uraia itakuuliza kama umewahi, na "sikujua" haijamsaidia mtu ninayemjua.

Februari iliyopita, ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti. Viatu jozi kumi na moja mlangoni, harufu ya sombe mpaka kwenye ngazi. Mama mmoja wa Uvira, raia tangu mwaka uliotangulia, aliisoma fomu nzima kwa kidole huku mwanawe wa darasa la tano akimtafsiria, akikosea, na mimi nikirekebisha. Akauliza lile swali. Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, kwa ufupi.

Akanyamaza. "Kwa hiyo mimi ndiye niko namulipa, hapana yeye kunilipa mimi."

"Ndiyo, mama."

"Basi akikosea nitamuuliza."

Akaingia chumbani, akarudi na noti ya dola tano iliyokunjwa mara nne, akataka risiti. Kisha akaomba namba ya simu ya mgombea, siyo yangu. Nikampa, iko kwenye kipeperushi. Mtoto akaiandika kwenye simu yake, na nilipochungulia, jina alilohifadhi lilikuwa "Mbunge Dola Tano", miezi minne kabla ya kura yoyote kupigwa.