Homa baada ya kemo haiulizwi kikundini: maswali kuhusu ushauri nasaha wa mtandaoni kwa wenye saratani

Ushauri nasaha wa mtandaoni ni nini?
Ni mazungumzo na mshauri au mwanasaikolojia kwa simu, video au ujumbe. Vikundi vya WhatsApp vya wagonjwa ni vya kufarijiana tu.

Unamfaa nani?
Mtu wa Kigoma anayekuja Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, anatundikiwa dripu ya kemo (dawa za kuua saratani), kisha anarudi kwao kusubiri mzunguko ujao na hofu yake. Nauli ya kurudi Dar kwa mazungumzo ya saa moja hana. Bando anaweza kupata. Kama simu mnachangia nyumbani, mwambie mshauri mapema.

Huzuni si kawaida kwa mwenye saratani?
Kulia siku ya majibu ni kawaida. Wiki mbili mfululizo hulali, huli, hutaki kuona watu, hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona inatibika. Ndugu, acheni kumwambia mgonjwa "jikaze". Amejikaza vya kutosha. Na kama ana maumivu, yatibiwe kwanza. Mtu anayeugulia usiku kucha hatulizwi kwa maneno.

Nikipata homa usiku, niulize kikundini?
Hapana. Kemo hushusha chembe nyeupe za damu, zinazopigana na vijidudu, mara nyingi zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Wakati huo maambukizi madogo yanaweza kuua kwa saa chache. Kipimo kikisoma nyuzi 38 au zaidi, nenda hospitali usiku huohuo.

Mwenzangu alimeza Panadol, akaamka mzima.
Alibahatika. Panadol hushusha joto, haiui vijidudu. Inakuficha tu ugonjwa unavyoendelea. Usimeze ukalala. Nenda hospitali.

Basi nimwandikie mshauri wangu?
Hata yeye usimsubiri. Sisi washauri tunakuta asubuhi kikundini ujumbe wa saa nane usiku, "dada, natetemeka", na chini yake ushauri wa watu kumi: tangawizi, maombi, kitambaa cha maji. Hakuna hata mmoja aliyeandika "nenda hospitali". Maombi yanafanyika hata ndani ya bajaji.

Nikiwaza kujiua je?
Usisubiri miadi. Mwamshe mtu wa nyumbani, usibaki peke yako, mwende hospitali.

Kuna anayeuza mizizi kikundini na kusema niache kemo.
Mtoeni.

Nikifika hospitali ya wilaya niseme nini?
Mlangoni kabisa: "Nipo kwenye kemo, nina homa." Onyesha karatasi yenye jina la dawa na tarehe ya dripu ya mwisho. Usiposema, utapangwa foleni na wenye malaria.