Supu ya makongoro haijengi mfupa

Hapa Unguja, mtu mzima akilalamika magoti huambiwa: "Kanywe supu ya makongoro, mfupa hujengwa na mfupa." Supu ni tamu, hasa ikikamuliwa ndimu, na sina ugomvi nayo. Ila kalsiamu ya mfupa haitoki kirahisi kwenye maji, hata ukichemsha usiku kucha. Karibu yote hubaki katika ule mfupa unaomtupia paka. Na ule utelezi unaonata midomoni ni protini tu. Tumbo huusaga kama protini nyingine, hauendi moja kwa moja gotini.

Kalsiamu tunayo kwenye dagaa, wale wale wanaoanikwa pwani, mradi uwale wazima na miiba yao. Mtindi pia unayo.

Halafu kuna uzito ambao mfupa hubebeshwa. Mfupa hubomoka na kujijenga upya maisha yote. Baada ya miaka 30 hivi kubomoka huanza kushinda, na kwa mwanamke aliyekoma hedhi huenda kasi zaidi. Kinachouchochea ujijenge ni kubebeshwa kazi. Bibi anayepanda ngazi za nyumba yake Mji Mkongwe na kwenda Darajani mwenyewe, kikapu mkononi, anaitunza mifupa kuliko aliyeketishwa barazani na bakuli la supu.