Papo kwa papo si kuwasha maiki na kuongea

Kauli hii imerudi tena, safari hii kutoka kwa mtu wa redio ambaye kazi yake ilipaswa kumfundisha vingine: eti podikasti ya vichekesho vya papo kwa papo haina kazi, watu wanawasha maiki, wanapiga porojo za sayari na roboti, kisha wanapandisha mtandaoni. Pacha wake hakukawia: ukishaikata na kuitia milio, basi si papo kwa papo tena, ni udanganyifu. Ya kwanza inasema kazi haipo, ya pili inalalamika kazi imezidi, na mara nyingi mtu yule yule huzitoa zote mbili katika mazungumzo ya dakika tano. Nimechoka kujibu kipande kipande. Jibu zima ni hili.

Kuigiza papo kwa papo maana yake ni kwamba mazungumzo hayakuandikwa kabla ya kusemwa. Basi. Haihusu kilichopangwa kabla, wala kitakachofanywa na mhariri baadaye. Mtazamaji wa Tanzania anapaswa kulielewa hili kuliko wengi, kwa sababu filamu na michezo mingi ya runinga aliyokua nayo ilichezwa hivyo: wachezaji wanapewa muhtasari wa onyesho, maneno wanajitafutia wenyewe mbele ya kamera. Hakuna aliyewahi kudai kwamba mhariri wa filamu hizo asikate.

Mtindo ninaouzungumzia una ukoo wake Marekani. Ulianza na michezo ya kuigiza aliyoibuni mwalimu wa maigizo Viola Spolin kule Chicago, ukapita kwa vikundi vya Compass Players mwaka 1955 na The Second City mwaka 1959, kisha ukasambaa hadi New York. Mfano wake mzuri kwa upande wa bunilizi ya kisayansi ni Mission to Zyxx, podikasti ya wachezaji wa New York iliyodumu misimu 5, kuanzia 2017 hadi 2022. Kundi la mabalozi linazunguka pembe ya mbali ya galaksi kutafuta uhusiano na sayari zisizowataka, na karibu kila kipindi anaingia mgeni mwenye mhusika wake. Mazungumzo yalibuniwa palepale. Baadaye yakahaririwa na kuvikwa milio na muziki kwa uangalifu ule ule wa mchezo wa redio ulioandikwa. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja bila ugomvi.

Cha kupangwa kabla ni kidogo, nakitaja haraka: majina ya wahusika wa kudumu, nani ana cheo gani, chombo kimetoka wapi, na safari ya leo kwa sentensi moja. Mgeni anajua mhusika wake tu. Vichekesho havipangwi. Mchezaji anayekuja na mzaha mfukoni husikika anausubiria nafasi, na wakati anasubiri hamsikilizi mwenzake.

Sasa, kwenye uchezaji wenyewe, kanuni ya kukubali na kuongeza, yaani kupokea alichosema mwenzako kama ukweli kisha kukijengea juu yake, imeharibiwa na watu wanaoielewa kama ruhusa ya kusema chochote. Tuchukue onyesho moja. Fundi wa chombo anasema, "Nahodha, hii injini ya zamani. Haiwaki mpaka iamkiwe." Rubani anasogea: "Shikamoo, injini." Kimya. Halafu mchezaji wa tatu, kwa sauti nzito ya kooni: "Marahaba." Kuanzia hapo ni ukweli wa dunia hiyo: injini ina umri na inadai heshima yake. Nahodha anakataa: "Mimi siiamkii. Mimi ni mkubwa kwake." Onyesho limepata mwelekeo. Sasa tunataka kujua nani kazaliwa mwaka gani, nani atashuka, na adui amebakiza dakika ngapi kufika.

Mchezaji dhaifu hapo hapo anaongeza: "Na breki zake zinakula ndizi." Anadhani ameongeza, kumbe ameua. Ajabu mbili zinagombania nafasi moja, na hakuna inayokua. Hii ndiyo hatari ya pekee ya bunilizi ya kisayansi: kwa kuwa lolote linawezekana, kila sentensi inaweza kuwa uvumbuzi mpya, na mpaka dakika ya kumi msikilizaji hana tena cha kushika. Ajabu moja kwa onyesho. Mengine yote yaende kama nyumbani. Heshima, wivu, madeni na uchovu wa kazini viwe vile vile tunavyovijua, na ile ajabu moja ivibane.

Kurekodi. Kila mchezaji maiki yake na treki yake, yaani mkondo wake wa rekodi peke yake, bila mjadala. Maiki za dainamiki zinazosikia upande wa mbele tu, sentimita 8 hadi 10 kutoka mdomoni; kifaa cha kurekodia kipangwe kiloherzi 48, biti 24. Kilele cha sauti ya kawaida kiwe kwenye desibeli -12, yaani 12 chini ya kikomo cha kifaa, kwa sababu mchekeshaji hupiga kelele bila taarifa, na sauti iliyopasuka hairudi. Kanuni ya mafundi ni kwamba umbali kati ya maiki na maiki uwe angalau mara tatu ya umbali wa mdomo na maiki yake. Kwa kikundi kinachopiga kelele hiyo haitoshi. Anza na mita moja. Funika sakafu, tundika mablanketi, zima feni na kiyoyozi, na rekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba kabla watu hawajaanza, maana utauhitaji kuziba mashimo.

Kinachowashinda wanaoanza ni vicheko. Fundi anaongea, nahodha anacheka, na kicheko cha nahodha kinaingia kwenye maiki ya fundi. Ukitaka kukata neno la fundi, unakata kicheko katikati, na sikio linashtuka hata kama halijui kwa nini. Wafundishe wachezaji kuegemea nyuma na kuziba mdomo wanapocheka nje ya uhusika. Si adabu tu, ni njia ya kumwachia mhariri kitu cha kufanyia kazi.

Kama wachezaji wako miji tofauti, shida ni ucheleweshaji wa laini. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano unapendekeza usizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja; ukipita hapo watu wanaanza kukanyagana, kila mmoja anaomba radhi, mdundo unakufa. Hivyo tumia laini kwa kusikilizana tu, na kila mtu ajirekodi kwake kwenye mashine yake. Pigeni kofi moja mwanzoni na jingine mwishoni, ya kulinganishia treki. La mwishoni ndilo watu husahau. Saa za vifaa viwili hazilingani kabisa: tofauti ya sehemu 20 kwa milioni inatosha kuachanisha treki kwa milisekunde 72 ndani ya saa moja, na jibu lililotakiwa kuangukia palepale linakuja limechelewa. Vuta treki nzima ilingane na makofi yote mawili, usiikate vipande vipande ukidhani unarekebisha.

Sasa tufike kwenye ile kauli pacha, eti ukikata umedanganya. Hapa naomba uvumilivu, maana ndipo watu wanapotoa hukumu bila kuangalia kinachokatwa. Mazungumzo ghafi ya onyesho letu yalikuwa hivi:

Fundi: Haiwaki mpaka iamkiwe.
Nahodha: Iamkiwe vipi?
Fundi: Iamkiwe tu. Ni ya, ya wapi hii...
Rubani: Sayari ya Kumi na Mbili?
Fundi: Ya Kumi na Mbili, ndiyo, walikuwa wanatumia mafuta ya, sijui, ya mawe.
Nahodha: Mafuta ya mawe?
Fundi: Unayasaga kwanza.
Rubani: Shikamoo, injini.

Mhariri mwenye haraka anaruka kutoka "Iamkiwe tu" hadi "Shikamoo, injini." Inachekesha, na ni kosa. Nusu saa baadaye mgeni anarudi akisema injini nyingine imefika kutoka Sayari ya Kumi na Mbili, dada mkubwa wa hii, na sasa injini yetu ndiyo inayotakiwa kuamkia. Ukiwa umeikata sayari, msikilizaji anapokea jina asilowahi kulisikia na kicheko kinakufa. Kinachokatwa ni mafuta ya mawe peke yake: kisu kinaingia baada ya "ndiyo" ya fundi, kinatoka kabla ya "Shikamoo", na muungano unafifishwa kwa milisekunde 5 hadi 10. Kama nahodha alichekea mafuta, mkia wa kicheko chake unazibwa na ukimya wa chumba.

Ndiyo maana mzunguko wa kwanza wa kuhariri ni kusikiliza rekodi yote bila kugusa kitu, kalamu mkononi: dakika ipi jambo lilizaliwa, dakika ipi lilirudi. Mzunguko wa pili unaondoa kutafuta, zile sehemu ambamo mchezaji anapapasa kabla ya kupata. Kwa rekodi ya dakika 90, kubaki na 35 au 40 ni kawaida na si aibu. Wa tatu ni vipimo vya kimya. Kimya kabla ya "Marahaba" usikiguse, hata kama ni sekunde mbili nzima. Hicho ndicho mchezaji wa tatu alichokitoa, na ni kizuri kuliko neno lenyewe.

Mpaka wangu uko hapa. Kuondoa naruhusu. Kuhamisha jibu kutoka swali moja kwenda jingine siruhusu, wala kuunga silabi kutengeneza sentensi ambayo haikusemwa, wala kupanga upya ili mhusika aonekane alijua kabla. Ukiondoa, kilichobaki kilitokea, kwa mfuatano ule ule, kwa watu wale wale. Ukihamisha, umeandika mchezo wako na kuuita wa wenzako.

Kuna eneo moja ambalo sijatulia nalo: sentensi za kujazia, zinazorekodiwa siku nyingine kwa sababu jina la sayari halikusikika au mtu alikohoa. Nikimwita fundi arudie "Sayari ya Kumi na Mbili" tu, naona ni sawa. Akija akasema kwa namna ya kuchekesha zaidi kuliko siku ile, je? Naitumia ile ya kawaida. Lakini sina hoja imara ya kumkatalia anayetumia ile nyingine. Vicheko vya nje ya uhusika vivyo hivyo: kuna siku naviacha kwa kuwa vinathibitisha kwamba jambo lilizaliwa palepale, kuna siku naviondoa kwa kuwa vinamwambia msikilizaji lini acheke. Kanuni sina, nasikiliza onyesho.

Milio nayo ni mchezaji, na inabanwa na sheria ile ile: ikubali kilichosemwa, iongeze kimoja. Injini yetu inajengwa kwa mngurumo wa friji uliorekodiwa karibu kisha kuchezwa kwa nusu ya kasi, ambao unashuka oktavu nzima. Usiishie hapo. Spika ya simu haitoi besi ya chini, kwa hiyo ongeza tabaka kati ya hezi 300 na 800, la sivyo nusu ya wasikilizaji wako wana injini bubu. Sauti ya kooni ya "Marahaba" inashushwa kidogo na kulazwa juu ya mngurumo huo, ukipigwa mapigo manne: ma-ra-ha-ba. Injini ikiitikia mara ya tatu, ondoa sauti ya mtu kabisa, acha mapigo manne ya mngurumo peke yake. Msikilizaji ataelewa, na atakuwa amefundishwa lugha ya injini bila kuambiwa. Nahodha anapokataa kuamkia, mngurumo uzimike. Usiweke mlio wa kununa. Kimya kinatosha.

Kwa sauti za roboti, njia ya kale bado inafaa: kuzidisha sauti ya mchezaji kwa wimbi la hezi 30, kama BBC walivyofanya mwaka 1963 kwa Dalek, maadui wa kipindi cha runinga cha Doctor Who. Changanya asilimia 30 hadi 40 tu ya sauti hiyo na sauti safi, na acha masafa yaliyo juu ya kiloherzi 4 bila kuguswa, kwa kuwa huko ndiko s, sh na f zinakoishi. Ukizichafua, kichekesho hakisikiki na kazi yote imepotea. Rekodi safi daima, madoido yaje baadaye. Mission to Zyxx wana roboti, C-53, ambaye fahamu zake zinahamishwa kutoka mwili mmoja hadi mwingine. Uamuzi wa namna hiyo unaletwa na wachezaji kwa sentensi moja, na mhariri ndiye anayeulipia: kila mwili mpya unataka nyayo zake na viungo vyake.

Mlio usiangukie juu ya neno la kuchekesha. Lipe neno milisekunde 200 au 300 kwanza. Na wanaoniandikia kwamba angani hakuna sauti: ni kweli, na wahusika wetu wako ndani ya chombo chenye hewa.

Mwisho wa kazi, pima kipindi kiwe LUFS -16 (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani) kwa sterio, kilele kisizidi desibeli -1, kisha kisikilize kwa spika ya simu ndani ya daladala. Neno usilolisikia hapo, lipandishe, au ushushe mngurumo ulio chini yake. Halafu fungua daftari la ukweli wa dunia yenu, andika: injini ina dada, dada ni mkubwa, nahodha hajaamkia hadi sasa. Wasomee wachezaji dakika tano kabla ya rekodi inayofuata, na usiwaambie wafanye nini nalo.