Malori ya chakula si uingiliaji kati wa kibinadamu

Wiki hii nimesikia tena kwenye taarifa ya habari malori ya chakula na dawa yakiitwa "uingiliaji kati wa kibinadamu". Siku mbili baadaye mchambuzi mmoja akatumia maneno hayohayo kwa ndege za kivita zilizokuwa zikishambulia mji. Jina moja haliwezi kubeba dawa na mabomu bila msikilizaji kupotea njia, kwa hiyo naomba tulifungue.

Maana yake ni fupi. Katika taaluma ya uhusiano wa kimataifa, uingiliaji kati wa kibinadamu ni dola moja au kundi la dola kutumia nguvu za kijeshi ndani ya nchi nyingine, bila ridhaa ya serikali ya nchi hiyo, kwa hoja ya kuwaokoa watu wake na mauaji au mateso makubwa. Jeshi, kukosekana kwa ridhaa, hoja ya kuokoa: kimoja kikipungua, tunazungumzia jambo jingine. Malori yale ni msaada wa kibinadamu, na msaada una kanuni zake, ambazo Msalaba Mwekundu ulizitangaza rasmi mwaka 1965. Miongoni mwake ni kutopendelea na kutoegemea upande wowote. Jeshi linalopiga upande mmoja limeshaegemea. Tukiyachanganya majina haya, anayeumia kwanza ni dereva wa lori, kwa sababu kwenye kizuizi cha barabarani atatazamwa kama mtu wa jeshi la kigeni.

Kinachonisumbua zaidi ni namna jina hili linavyosikika masikioni mwetu.

Tukisema mtu "ameingilia kati", tunaona picha kamili: wawili wanapigana, wa tatu anajitosa katikati, mikono ameitanua, na ngumi ya yeyote kati yao inaweza kumpata yeye. Ondoa "kati" uone. "Kuingilia" peke yake ni lawama, kama kuingilia mambo ya watu. Neno hilo dogo ndilo linalomgeuza mwenye kuingilia mambo ya watu kuwa mwamuzi. Kilatini, kilichowapa Waingereza na Wafaransa neno lao "intervention", nacho kina picha hiyohiyo, maana kitenzi chake ni "kuja katikati". Basi jina limeshamsifu mwenye jeshi kabla hatujauliza alisimama wapi.

Tuulize basi. Mwaka 1999 NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, ilishambulia Yugoslavia kwa siku 78 kwa sababu ya yaliyokuwa yakiwapata Waalbania wa Kosovo, jimbo lililokuwa ndani ya nchi hiyo. Ndege ziliruka juu sana ili zisifikiwe na makombora, na hakuna mwanajeshi wa NATO aliyeuawa katika mapambano. Chini, laki kadhaa za Waalbania walifukuzwa makwao na majeshi ya Yugoslavia mashambulizi yakiwa yanaendelea, na raia wapatao 500 waliuawa na mabomu hayo, kwa hesabu ya shirika la Human Rights Watch. Wapo wanaotetea vita ile kwa hoja nzito, na sizipuuzi. Lakini hakuna aliyekuwa kati. Walikuwa juu.

Halafu kuna "kibinadamu". Binadamu ni bin Adamu, mwana wa Adamu, na hapo hakuna ugomvi. Ugomvi upo kwenye ile ki- ya mwanzo. Kiambishi hiki mara nyingi hutuambia namna: kufanya jambo kitoto ni kulifanya kama mtoto, kitaalamu ni kama mtaalamu. Kwa hiyo Mswahili akisikia vita vya "kibinadamu" anaelewa vita vinavyopiganwa kwa utu na huruma. Istilahi haisemi hivyo hata kidogo. Inataja sababu iliyotolewa na aliyevamia, basi. Haisemi kwamba sababu hiyo ni ya kweli, wala kwamba mabomu yalichagua, wala kwamba waliookolewa ni wengi kuliko waliouawa. Hayo yote hutakiwa kuthibitishwa, tena kila mara upya.

Ndiyo maana wakosoaji huanza na swali la nani anayetoa sababu. Makau Mutua, mwanasheria Mkenya, aliandika mwaka 2001 kwamba simulizi la haki za binadamu huwa na wahusika watatu: mshenzi, mwathirika na mwokozi. Ukishaipanga vita hivyo, mwathirika hana sauti, na mwokozi haulizwi alikuwa wapi jana, aliuza silaha kwa nani, wala anataka nini kesho. Afrika tunaujua mpango huu tangu zamani. Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 uliandika kwenye hati yake ahadi ya kuwatunza wenyeji na kukomesha utumwa, kisha Leopold, mfalme wa Ubelgiji, akaichukua Kongo.

Sheria nayo haiwapi waingiliaji nafasi waliyoizoea. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945 unakataza matumizi ya nguvu dhidi ya nchi nyingine, isipokuwa kujilinda au kwa idhini ya Baraza la Usalama. Kosovo haikuwa na idhini. Mashambulizi ya nchi za NATO na washirika wake huko Libya mwaka 2011 yalikuwa nayo: Azimio namba 1973 liliruhusu hatua zote za lazima kuwalinda raia. Lilipitishwa Machi, na kufikia Oktoba Gaddafi, kiongozi wa Libya, alikuwa ameuawa na serikali yake haipo. Kulinda raia kuligeuka kuwa kubadilisha utawala, na hadi leo nchi kadhaa zikisikia neno "kulinda" barazani hukumbuka Libya.

Vita vya Kagera navyo hutajwa vitabuni kama mfano wa dhana hii. Tanzania haikulitumia jina hilo. Idi Amin, mtawala wa Uganda, alivamia eneo la Kagera nchini Tanzania Oktoba 1978, na Nyerere alisema wazi kwamba Tanzania inajilinda, huku kumng'oa Amin kukiwa ni kazi ya Waganda wenyewe. Unaweza kubishana naye kuhusu mpaka wa mambo hayo mawili, lakini alijua tofauti iliyopo kati yake.

Najua nitaulizwa kuhusu Rwanda, na ni swali la haki. Aprili 1994 askari wa Umoja wa Mataifa walikuwepo Kigali, kati hasa, kwa maana yetu ya Kiswahili. Tarehe 21, mauaji ya kimbari yakiwa yamepamba moto, Baraza la Usalama liliamua wapunguzwe hadi 270. Waliokuwa katikati ndio walioondolewa, na hilo haliwezi kufutwa na hoja yoyote dhidi ya vita vya Kosovo au Libya.

Kwa wenzangu wa vyumba vya habari, ombi ni dogo. Malori yaiteni msaada wa kibinadamu. Ndege za kivita zikiruka, semeni "mashambulizi ya kijeshi kwa hoja ya kibinadamu". Maneno mawili tu yameongezeka, "kwa hoja", na msikilizaji atajua kwamba hoja hiyo ina mwenyewe.